Kopo limebadilishwa, mtoto bado analia: tuanzie wapi kuangalia

Mama alifika dukani saa mbili asubuhi akitokea Sengerema, mtoto mgongoni, kopo ndani ya mfuko wa kitenge. Lilikuwa kopo la maziwa ya watoto wenye mzio, ameandikiwa na daktari siku nane nyuma. "Dokta, haya maziwa hayamkubali. Nipatie mengine." Mimi si daktari, nimesomea famasia, ila huku kwetu anayesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa huitwa dokta, na nimezoea. Nilifungua kifuniko nikachungulia. Kopo la gramu 400, siku nane, na robo ya unga ilikuwa bado imo. Sikumuuzia kopo jipya. Nilimpa kiti, nikamwomba chupa anayomlishia.

Nitarudi kwa mama huyu. Nimeanza naye kwa sababu makopo mengi yanayorudishwa kwangu kosa lake halimo ndani ya kopo. Limo kwenye maji, kwenye kijiko, kwenye kikombe cha chai cha mama anayenyonyesha, au kwenye aina ya kopo lililonunuliwa. Kwa hiyo tutakwenda kwa dalili. Unaanza na kile unachokiona kwa mtoto, halafu unazifuata sababu moja moja, ukianza na zile zisizokugharimu hata shilingi. Sitataja kopo lolote kwa jina. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 inakataza kuyatangaza maziwa haya kwa wananchi, na naiunga mkono kwa moyo wote ingawa ninayauza.

Dalili zisizosubiri

Acha kusoma uende hospitali kama midomo au macho ya mtoto yamevimba ghafla baada ya kunywa, kama anapumua kwa shida, amelegea haamki vizuri, anatapika matapishi ya kijani, tumbo limejaa na kuwa gumu, choo kina damu nyingi, au saa sita zimepita hajakojoa. Utosi uliobonyea na mdomo mkavu maana yake maji yamepungua mwilini. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la 38 na kuendelea naye ni wa hospitali, hata kama ananyonya. Mjini Mwanza tuna hospitali za Bugando na Sekou Toure. Aliye Ukerewe asingoje kivuko cha kesho, aanzie hospitali ya pale Nansio.

Kabla ya kopo: ni mzio kweli?

Mtoto mwenye afya anaweza kulia saa tatu kwa siku, hasa jioni. Kilio hicho huanza akiwa na wiki mbili tatu, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua hadi mwezi wa nne. Bibi zetu wanakiita chango. Kama kilo zinapanda kwenye kadi ya kliniki na choo ni cha kawaida, hakuna kopo litakalokinyamazisha. Ni siku tu zipite. Mtoto beba, tembea naye, mcheulishe vizuri kila baada ya kunyonya. Dawa za mizizi usimpe. Figo na ini la mtoto wa mwezi mmoja haziwezi kuubeba mzigo ule.

Kucheua nako si mzio. Mlango wa juu wa tumbo la mtoto mchanga haujakaza bado, kwa hiyo maziwa yanarudi, yanalowesha bega lako, na yeye anaendelea kucheza. Wengi huacha kabla ya kutimiza mwaka.

Kuna pia mtoto aliyetoka kuumwa tumbo. Aliharisha sana, akapona, sasa kila akinywa maziwa anajaa gesi na anatoa choo cha maji chenye harufu ya uchachu, hadi makalio yanaungua. Utumbo wake umechubuka na umepungukiwa na kimeng'enya cha kuvunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Kinga ya mwili haihusiki hapo. Utumbo hujijenga upya kwa wiki chache, na anayenyonya aendelee kunyonya. Akiwa bado anaharisha, mpe ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, 20 kwa aliyezidi hapo.

Mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe una sura mbili. Ya kwanza ni ya haraka, ndani ya dakika chache hadi saa mbili: mabaka ya kuwasha, uvimbe, kutapika. Ya pili inanyata, huja baada ya saa kadhaa au siku mbili tatu: ute na michirizi ya damu kwenye choo, kuharisha kusikoisha au choo kigumu, kutapika, pumu ya ngozi, kilo kusimama. Sura hii ya pili ndiyo inayochanganya watu, kwa sababu alichokunywa Jumatatu kinajionyesha Jumatano. Katika nchi nyingi zilizopimwa, mzio huu uko kwa watoto kama wawili au watatu katika kila mia. Wengi wanaolia hawana.

Na kama unanyonyesha, tafadhali usimwachishe ziwa kwa sababu ya mzio. Maziwa yako hayana kosa. Kilichomo ni vipande vidogo vya maziwa ya ng'ombe uliyokunywa wewe. Daktari akikubaliana nawe, unaacha maziwa kwa wiki mbili hadi nne uone. Najua kwa Usukumani hili ni zito, maana nyumba nyingi maziwa ndiyo chakula chenyewe. Kuacha maana yake ni kuacha yote: chai ya maziwa, mtindi, samli, siagi, skonzi, biskuti, maandazi yaliyokandiwa maziwa. Madini ya kalsiamu utayapata kwenye dagaa, ukiwala wazima na mifupa yao, na daktari atakuongezea vidonge. Mama anayenyonyesha anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku.

Umenunua kopo sahihi?

Nieleze kidogo maziwa haya ni nini, maana ukilielewa hili hutadanganywa na picha ya kwenye kopo. Kinga ya mtoto mwenye mzio inaichukulia protini ya maziwa ya ng'ombe kama adui. Kiwandani protini ile hukatwakatwa kwa vimeng'enya hadi vipande vinakuwa vidogo sana, vinapita kwenye kinga kama dagaa wanavyopita kwenye nyavu ya sangara. Maziwa ya namna hii yanatakiwa yawakubali angalau watoto tisa kati ya kila kumi wenye mzio uliothibitishwa. Kwenye lebo yameandikwa "extensively hydrolysed". Wachache waliobaki, na wale ambao mzio wao ni mkali tangu mwanzo, hupewa maziwa ya asidi amino, ambayo protini yake imevunjwa hadi mwisho, hakuna kinachonaswa tena.

Sasa yasiyofaa. Kopo lenye herufi HA limekatwa nusu nusu, bado lina vipande vikubwa, halimtibu mwenye mzio. Lisilo na laktosi limeondolewa sukari tu, protini yote imo. Maziwa ya mbuzi, ya kopo au ya kukamua, yanafanana mno na ya ng'ombe, na karibu kila mtoto anayedhurika na ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi. Ya soya hayashauriwi chini ya miezi sita, na kuna wanaodhurika nayo pia. Mara nyingi mama ameandikiwa kopo sahihi, amelikosa maduka matatu, la nne wamempa "linalofanana". Hakuna linalofanana. Rudi kwa aliyekuandikia, au mpigie simu kabla hujalipa.

Anakataa, anatema, anageuza uso

Haya maziwa ni machungu na yana harufu nzito. Onja mwenyewe. Protini ikikatwa vipande, uchungu hutokeza, basi si kwamba yameharibika. Watoto wa chini ya miezi minne huzoea upesi, wakubwa hupigana.

Kama mzio wake si ule wa haraka na daktari ameruhusu, changanya polepole: sehemu moja ya mapya na tatu za yale ya zamani, kesho nusu kwa nusu, hadi mapya yabaki peke yake. Anayenyonya anaweza kuchanganyiwa na maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Wengine hukubali yakiwa yamepoa, maana joto huinua harufu. Jaribu kikombe kidogo badala ya chupa. Jaribu akiwa na njaa lakini hajaanza kulia. Mpe siku tano au saba.

Sukari usiweke. Asali usiweke kabisa kabla ya mwaka mmoja, ina vijidudu vinavyoweza kumpooza mtoto mchanga. Uji mwepesi wa kuficha ladha nao hapana.

Choo kimekuwa cha kijani

Ni kawaida kwa maziwa haya. Kijani cha majani yaliyosagwa, laini, chenye harufu kali kuliko zamani. Kama hakuna damu wala ute, endelea. Nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeona mama ameacha maziwa yaliyokuwa yanamponya mwanawe, kisa rangi.

Wiki mbili zimepita na bado anatapika, bado ana ute

Kwanza hesabu siku. Kutapika na kulia hupungua ndani ya wiki moja au mbili, lakini utumbo uliochubuka na ngozi yenye pumu vinaweza kuchukua wiki nne. Siku ya tano si siku ya kubadilisha kopo.

Siku zikiwa zimetosha, tafuta maziwa yaliyojificha. Uliza kila anayemshika mtoto, kwa upole, bila kumfanya mtu aonekane mkosaji. Kuna mtoto mmoja wa Igoma aliyehangaika mwezi mzima. Mama alikuwa anafuata kila kitu. Bibi, ambaye hakuwa amefafanuliwa jambo lolote, alikuwa anamlambisha mtindi kwa kidole kila mchana mama akiwa kazini, kwa mapenzi tu, kama alivyowalea watoto wake wote. Nilimwamkia shikamoo bibi yule, tukakaa, nikamweleza kuhusu nyavu na dagaa. Baada ya pale yeye ndiye aliyekuwa mlinzi mkali kuliko wote.

Maziwa hujificha pia kwenye unga wa lishe wa aliyezidi miezi sita, maana baadhi huchanganywa na maziwa ya unga. Soma lebo, na kama unasagiwa mtaani uliza wameweka nini. Angalia chai ya maziwa ya mama ambaye bado ananyonyesha huku akiongezea kopo. Angalia kijiko kilichotoka kukoroga maziwa ya dada mtu.

Ukikuta hakuna, angalia tundu la chuchu. Geuza chupa juu chini. Maziwa yanatakiwa yadondoke tone kwa tone. Yakimwagika kama bomba, anameza hewa na kupaliwa, atatapika maziwa yoyote utakayompa. Wengi huongeza tundu kwa sindano ya moto ili amalize upesi. Nunua chuchu nyingine.

Kama yote hayo yako sawa na kopo ni sahihi, hapo ndipo daktari anapofikiria asidi amino, au anapojiuliza kama ni ugonjwa mwingine kabisa. Uamuzi huo ni wake, usiufanye kaunta.

Kilo hazipandi, anamaliza chupa na bado ana njaa

Turudi kwa mama wa Sengerema. Nilimwambia, "Mama, changanya hapa kama unavyochanganya nyumbani, usibadilishe chochote." Akajaza maji ya moto hadi mstari wa 180. Akafungua kopo, akachota kijiko kimoja, akasawazisha juu kwa ukingo wa kisu kwa uangalifu mkubwa. Akachota cha pili, akasawazisha. Akafunga kopo. Akatikisa chupa, na maji yakawa meupe kidogo, unaona kidole upande wa pili.

Kopo lile linataka kijiko kimoja kwa kila mililita 30. Chupa ya 180 ni vijiko sita. Mtoto alikuwa anapewa theluthi moja ya chakula. Nilifungua kadi yake ya kliniki: mstari ulikuwa umepanda vizuri hadi mwezi wa pili, alipoachishwa ziwa, halafu ukalala.

Hakukosea kusoma. Alijua. "Dokta, hela ni ya kopo moja kwa mwezi," akaniambia, akimwangalia mtoto, si mimi.

Basi tupige hesabu, kila mzazi aifanye kabla ya kopo la kwanza. Mtoto wa kilo tano anayetegemea kopo peke yake hunywa kama mililita 150 kwa kila kilo, yaani 750 kwa siku. Hizo ni vijiko 25, zaidi kidogo ya gramu 100 za unga. Kopo la gramu 400 linaisha kwa siku tatu hadi nne. Kwa mwezi ni makopo manane na zaidi. Likikufikisha wiki nzima na mtoto hanyonyi, kuna mahali unga unapungua kwenye chupa.

Maji mengi na unga kidogo si njaa pekee. Chumvi ya damu hushuka, mtoto analegea, na ikishuka sana anapata degedege. Kama huwezi kumudu kiasi kamili, mwambie daktari hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, siku hiyo hiyo anapoandika. Si aibu. Zipo njia nyingine, na kubwa kuliko zote ni kurudisha maziwa ya mama, ambayo yanaweza kurudi hata baada ya wiki nyingi mtoto akiwekwa kifuani mara kwa mara na mama akisaidiwa na nesi anayeijua kazi hiyo. Nilimwelekeza kwa afisa lishe siku ileile, na kwenye karatasi niliyompa ampelekee niliandika kwamba mtoto alikuwa akipewa vijiko viwili kwa 180 badala ya sita, ili mama asilazimike kuieleza habari ile tena mbele ya watu.

Choo kigumu kama mbegu

Mara nyingi hapa kosa ni la upande wa pili, unga umezidi maji. Linatokea hivi: unga unatangulia kwenye chupa, kisha maji yanajazwa hadi mstari. Unga umeshakula nafasi ya maji. Maji yatangulie siku zote, yapimwe chupa ikiwa mezani na jicho lako likiwa usawa wa mstari, ndipo unga ufuate. Kijiko kisishindiliwe wala kisijae kilima. Na kila kopo na kijiko chake. Cha kopo lililopita kinaweza kuwa kikubwa zaidi.

Anaharisha, anapona, anaharisha tena

Kuharisha kwa mzio hakuendi na kurudi namna hiyo. Kwenye mwambao wa ziwa mimi hushuku maji kwanza. Maji ya kuchota ziwani, hata yakionekana angavu, na hata ya bomba yaliyolala kwenye ndoo, yachemshwe hadi yatokote. Unga wenyewe nao si safi kabisa, kopo si dawa ya sindano. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka maji yasiwe chini ya nyuzi 70 wakati wa kuchanganya, kisha upooze chupa kwenye bakuli la maji baridi na kudondoshea mkononi kabla ya kumpa. Kama kopo lako limeongezwa bakteria wazuri, lebo itakuambia utumie maji yaliyopoa zaidi. Muulize daktari, hasa kama mtoto ni njiti.

Wengi huandaa chupa nne usiku ili wapumzike, umeme unakatika, friji inapata joto, na asubuhi chupa ya tatu imeshaota vijidudu. Njia ninayoipenda ni chupa ya chai. Jaza maji yaliyotokota kabla ya kulala, iwe yake peke yake, isiwahi kuwekwa chai ya maziwa. Usiku pima, changanya, pooza, mpe. Kilichobaki baada ya kunyonya mwaga, kinauma kwa bei ile lakini mwaga. Iliyochanganywa isikae nje zaidi ya saa mbili. Kopo likifunguliwa limalizike ndani ya mwezi, likae pakavu, si juu ya friji wala karibu na jiko.

Amepona. Lini turudishe maziwa ya kawaida?

Ili kujua kwamba ulikuwa mzio kweli, daktari hurudisha maziwa kidogo baada ya wiki mbili hadi nne za nafuu. Dalili zikirudi, jibu limepatikana. Baada ya hapo hukaa bila maziwa angalau miezi sita, au hadi afike miezi tisa hadi kumi na mbili, ndipo ajaribiwe tena, mara nyingi kuanzia na maziwa yaliyookwa ndani ya biskuti. Wengi mzio huwaachia wakiwa bado wadogo. Aliyewahi kuvimba au kupumua kwa shida ajaribiwe hospitali tu.

Ukija dukani kwangu au ukienda kliniki kulalamikia kopo, njoo na kopo lenyewe, kijiko chake, chupa na chuchu unayotumia, kadi ya kliniki, na picha ya nepi ya jana kwenye simu. Kama bibi ndiye anayeshinda na mtoto, njoo naye.